Historia ya Marehemu Varkey Ouseph wa Vattakkunnel, na Vidonge Thelathini na Sita

Baba Paroko, ndugu wa ukoo wa Vattakkunnel, majirani wa Elanjikkara na wote mliofika katika ua huu leo, Alhamisi, tarehe 11 Aprili 2019, historia hii inasomwa kwa niaba ya familia na Ittoop, mdogo wake marehemu, karani mstaafu wa ofisi ya usajili wa ardhi, ambaye kwa miaka thelathini na minne aliandika habari za watu wengine kwa mkono wake mwenyewe, na anawaomba mvumilie hata ikizidi kidogo urefu uliozoeleka, kwa sababu safari hii kuna jambo lililosemwa vibaya ambalo ni lazima lisahihishwe kabla jeneza halijainuliwa.

Marehemu Varkey alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Septemba 1946, siku ya Kutukuka kwa Msalaba, katika nyumba hii hii, akiwa mtoto wa pili wa mzee Ouseph na mama Rosa, akitanguliwa na dada yetu Thresia na kufuatiwa na Ittoop. Alisoma shule ya msingi ya parokia kuanzia Juni 1952, akaendelea na sekondari mjini Pala hadi Machi 1963. Katika kipindi hicho, mwaka 1956, akiwa hajatimiza miaka kumi, alianza kufunga Kwaresima ya siku hamsini kama watu wazima, bila nyama, bila samaki, bila yai wala maziwa, na tangu mwaka huo hakupata kuivunja, si kwa homa, si kwa harusi, si kwa kuchokozwa na mdogo wake aliyekuwa akimpitishia samaki wa kukaanga chini ya pua.

Tarehe 1 Julai 1964 aliajiriwa na chama cha wakulima wa mpira kuwa mpanga madaraja, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini na miezi mitatu, akisimama mlangoni pa banda la moshi, akiinua kila karatasi ya mpira mkavu kuielekeza kwenye mwanga, akitafuta kiputo, chembe ya mchanga au doa la ukungu. Wakulima walimwogopa na kumheshimu, na wako hapa leo wanaokumbuka jinsi alivyomrudishia baba yake mzazi karatasi kumi na moja akisema, "Mzee, nyumbani mimi ni mwanao, hapa huu ni mpira wa daraja la nne." Alistaafu tarehe 30 Septemba 2004.

Jumatatu, tarehe 1 Mei 1972, alifunga ndoa na Aleyamma, binti wa Chacko wa Ramapuram, wakajaliwa watoto wawili, Lissy, aliyezaliwa tarehe 8 Februari 1974, ambaye ni muuguzi Kuwait na amefika jana alasiri, na Shaji, aliyezaliwa tarehe 30 Novemba 1977, ambaye ndiye anayelitunza shamba.

Kuhusu maradhi yake, Jumapili, tarehe 2 Desemba 2007, akitoka kanisani, marehemu alishikwa na maumivu ya kifua, akapelekwa hospitali, ikagundulika kwamba lehemu, yaani mafuta ya damu, ilikuwa imeziba mshipa mmoja wa moyo. Alirudi nyumbani na dawa za aina nne, moja ya kushusha lehemu, mbili za shinikizo la damu na moja ya kuzuia damu isigande, kila moja na saa yake, na kwa miaka mitano na nusu shemeji yetu Aleyamma aliishi kwa saa hizo, haendi msibani akalala, haendi kwa binti yake akakaa, maana mumewe aliyeweza kuona chembe ya mchanga ndani ya mpira hakuweza kutofautisha kidonge cheupe na kidonge cheupe.

Jumatatu, tarehe 17 Juni 2013, Daktari Jayadevan aliziunganisha dawa zote nne katika kidonge kimoja cha ganda, cha kumezwa mara moja kwa siku, na siku hiyo Aleyamma alilia kwa nafuu. Tangu hapo, kila asubuhi baada ya uji wa mchele, alimwekea kidonge kiganjani, akasubiri, kisha akaweka alama ya msalaba kwenye kalenda ya parokia iliyotundikwa jikoni. Marehemu alikuwa akimwambia, "Haya, askari jela, leta risasi yako," naye akimjibu, "Meza, mzee, hata kifo kimeshachoka kukusubiri," wakacheka, ingawa miaka ya mwisho kicheko chao kilikuwa cha watu waliochoka, kama wanaobeba gunia moja kwenye mlima mrefu. Kalenda hizo saba zipo, na hakuna siku iliyorukwa.

Sasa tunafika palipopotoshwa.

Marehemu alifariki dunia Jumanne, tarehe 9 Aprili 2019, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, kitandani mwake, moyo uliposimama ghafla. Alasiri ya siku hiyo, dada yetu Thresia, akitafuta nguo ya kumvika, alikuta ndani ya kabati, kwenye mkebe wa biskuti, vidonge vya ganda thelathini na sita, akautoa mkebe mbele ya wanawake waliojaa sebuleni na kusema, "Aleyamma, hivi ndivyo ulivyomtunza kaka yetu? Unachora misalaba ukutani na dawa unaificha?" Shemeji akajibu neno moja tu, "Nilimpa," na hakuna aliyemsikiliza. Maneno hayo yalifika jikoni, yakafika kisimani, yakafika sokoni kabla ya jua kuzama, na tangu hapo kile kigoda cha kichwani pa maiti, ambacho kwa desturi yetu ni cha mke, kimekaliwa na wengine, naye amesimama siku tatu mlangoni pa jiko kama mtu aliyekuja kuomba maji.

Ittoop alikuwepo mkebe ulipofunguliwa, naye alijua, akanyamaza.

Alijua kwa sababu Jumapili, tarehe 3 Machi, siku ya kuaga nyama kabla ya Kwaresima kuanza kesho yake, tulipokuwa mezani tukimaliza nyama ya ng'ombe ya kukaanga na nazi, Aleyamma akiwa jikoni, Ittoop aliiona karatasi ya maelezo ya dawa, na kwa kuwa hawezi kuona maandishi akaacha kuyasoma, alivaa miwani akasoma mpaka mstari wa mwisho, kisha akasema, "Kaka, unajua ganda hili limetengenezwa kwa mifupa na ngozi ya ng'ombe?" Marehemu alitoa kidonge kimoja kwenye pakiti, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha kama alivyoinua mpira miaka arobaini, akauliza, "Yaani Kwaresima tano nimekula ng'ombe kila asubuhi?" Ittoop akamtania, "Tano zote batili, kaka, nitakuandikia hati." Watu wakacheka. Marehemu hakucheka.

Jumapili iliyofuata, tarehe 10 Machi, baada ya misa, marehemu alimvuta Ittoop kando ya ukuta wa makaburi akamwambia, "Nimekiweka pembeni mpaka Pasaka. Nageuka kunywa maji, nakitia mfukoni. Usimwambie Aleyamma, amechoka, na akijua atanifungulia kesi." Naye Ittoop, msomi wa familia, akamjibu, "Siku hamsini si kitu." Hakumwambia shemeji, hakumuuliza Baba Paroko, ambaye jana amesema angemruhusu kwa neno moja, kwa kuwa mgonjwa hafungwi na funga, wala hakumuuliza daktari.

Jana, Jumatano, ndipo alipomwendea daktari, akiwa na mkebe mkononi. Kuanzia tarehe 4 Machi hadi tarehe 8 Aprili ni siku thelathini na sita, na vidonge ni thelathini na sita. Daktari Jayadevan alisema hawezi kuapa kwamba dawa ingemwokoa, wala hawezi kuapa kwamba isingemwokoa, akaongeza kwamba dawa hiyo hiyo ipo ya kidonge kikavu, kisicho na ganda la mnyama, lau angeulizwa angeiandika siku ile ile. Ittoop aliomba kiti.

Kwa hiyo iandikwe hivi katika kumbukumbu za ukoo huu: Aleyamma alimpa mumewe dawa kila siku, pamoja na siku thelathini na sita ambazo mumewe hakuimeza, misalaba yake yote ni ya kweli, na aliyejua akanyamaza ni mdogo wa marehemu, ambaye ndiye anayewasomea. Nanyi mnaomeza dawa za moyo na kufunga, mkiwa na shaka ulizeni, msijiamulie wenyewe, wala msimsikilize karani.

Familia inamshukuru Daktari Jayadevan na wauguzi wake waliomhudumia marehemu tangu mwaka 2007, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa chama cha mpira walioleta mahema na viti, inawashukuru majirani waliopika na kuchota maji kwa siku tatu, na inamshukuru dada Thresia, ambaye alisema kwa uchungu asichokijua, na ambaye sasa anaombwa na mdogo wake, mbele yenu nyote, akiache kigoda kile.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, dada na mdogo wake.

Pumzika kwa amani, kaka, Kwaresima yako ya sitini na nne umeimalizia kwingine. Na wewe, shemeji Aleyamma, toka hapo mlangoni, uje ukae mahali pako. Umesimama vya kutosha.