Mikono Yangu na Shingo ya Mutoto Wangu

Wamama wenzangu wa hapa Wamaza, namushukuru Mungu kwa kunipa nguvu ya kusimama. Habari hii niliificha miezi mingi, na imenichosha.

Mutoto wangu wa tatu alizaliwa muzima. Kufika miezi miwili, nikaona kichwa chake kinainama kuume kila wakati, uso unaangalia kushoto. Ukimuita kutoka kuume, hageuki. Ziwa moja alilikataa kabisa. Halafu nyuma ya kichwa, upande ule aliozoea kuulalia, pakawa bapa.

Watu wakaanza kusema. Mama mumoja kule kisimani alisema niliapizwa. Bwana yangu alikuwa Lusangi kwenye machimbo ya dhahabu, na mama mukwe niliyekaa naye nilimuogopa, sikuwa na mutu wa kumuambia. Nikaacha kumupeleka mutoto kupima kilo. Nikitoka naye, nilimufunika kichwa na kitambaa.

Ndugu zangu, nawaambia kwa aibu: muchana mumoja nilikishika kichwa chake kwa mikono hii miwili, nikakigeuza kwa nguvu. Nilitaka kinyooke siku ile ile. Alilia kilio ambacho sijapata kusikia. Mama mukwe wangu akatoka jikoni mbio. Nilizani atanipiga. Akamuchukua mutoto, akakaa naye chini, akasema pole pole:

“Mwanangu, huyu si chuma ya kunyoosha. Kesho tunamupeleka hospitali ya Kasongo.”

Tulienda kwa pikipiki, mutoto katikati yetu. Niliogopa nimemuvunja.

Muganga wa kule, baba mwenye umri, aliipapasa shingo kwa vidole viwili. Nikamueleza yote, hata ile ya mikono yangu. Hakunigombeza. Alimuangalia vizuri, akasema mufupa ni muzima, ila musuli wa shingo umekaza, na kwa sababu mutoto analalia upande mumoja tu, kichwa kimekuwa bapa. Akatuonyesha namna ya kuigeuza shingo pole pole, na kusimama mara tu mutoto akianza kulia. Akiwa macho, tumulaze kifudifudi kwenye mukeka, tumuchezeshe kutoka upande asioupenda. Wakati wa usingizi, alale chali.

Tulifanya hivyo kila siku. Mwezi wa kwanza sikuona kitu, nikasema tunajichokesha bure. Mama mukwe hakuacha. Alikuwa anakaa kuume kwa mutoto, anamenya mihogo, anamuimbia kwa Kibangubangu. Asubuhi moja mutoto akageuza shingo yote, akamuangalia, akacheka. Yule mama akaweka kisu chini.

Sasa anatambaa. Kichwa kingali bapa kidogo, sitawadanganya, lakini shingo inageuka huku na huku. Namushukuru muganga yule. Namushukuru mama mukwe. Bila yeye, ningemuharibu mutoto ninayemupenda.

Wamama, mukiona shingo inainama, musiivute. Mupeleke mutoto mapema. Na kama iko mama hapa mwenye mutoto wa namna hiyo, asiseme kitu mbele ya watu. Anipitie tu nyumbani, nitamusindikiza.