Aliyepima Umri wa Mbu, Akakataa Kukisia Wake

Tarehe 30 Juni 1996 Kituo chetu cha Mbu, hapa Masasi, kinamuaga Mzee Anselmo Nandonde, fundi wa maabara, baada ya utumishi wa miaka ishirini na tisa na miezi minne. Katika muda wote huo hakuomba uhamisho, hakuchelewa kazini, na alipandishwa cheo mara moja tu. Barua ya kumpandisha ilikuwa ya mtu mwingine, ikachukuliwa baada ya wiki tatu.

Mkuu wa Kituo, Bwana Dickson, ameagiza wasifu huu uwe mfupi, wa kuchangamsha, na usiwe na maneno ya kuudhi. Mwandishi atajitahidi katika yale mawili ya kwanza.

Kwa faida ya wageni wetu waliokuja kwa ajili ya pilau, inafaa kueleza Mzee Anselmo alikuwa akifanya nini kwenye kile chumba cha mwisho. Alikuwa akitafuta umri wa mbu. Msicheke. Mbu anayemuuma mgonjwa wa malaria leo hawezi kumwambukiza mtu kesho. Vijidudu huhitaji siku kumi au zaidi kukomaa ndani yake, na mbu wengi wa porini hufa kabla ya hapo. Wapo wanaoliwa na buibui na wanaokaushwa na jua, na wengine hupigwa kofi na mwenye nyumba. Anayetuumiza ni mbu mzee, yule mmoja aliyeponea chupuchupu siku baada ya siku. Kwa hiyo swali si mbu ni wangapi, ila wanaishi muda gani, na nini kinawafupishia maisha.

Wengi wetu tulipoajiriwa tulidhani umri wa mbu unatazamwa kwenye mbawa. Zikichanika, ni mzee. Mzee Anselmo alituvumilia kwa muda, kisha akatukalisha kwenye hadubini mmoja mmoja. Mbu jike kila akitaga huacha kinundu kidogo kwenye mrija wa mayai, na ukimpasua kwa sindano mbili bila kuukata mrija, unavihesabu. Mbawa huchanika hata kwa mbu wa jana aliyejipenyeza kwenye ukuta wa fito. Umri, alitufundisha, upo ndani, nje ni uvumi mtupu. Na pale mrija ulipokatika hakukisia. Aliandika daftarini neno moja: haijulikani.

Neno hilo liliwatesa wakubwa wake wanne, mmoja baada ya mwingine. Ripoti za robo mwaka zilikwenda zikiwa na haijulikani kumi na nne, ishirini na moja, mara moja arobaini. Mkuu mmoja alimwomba kwa upole akadirie tu, maana makao makuu hawapendi mapengo. Mzee Anselmo alijibu kwamba yeye pia hayapendi, akayaacha palepale yalipo.

Mwaka 1994, mabadiliko yaliponoga na kila ofisi ikawa inauza kitu, Kituo kiliendesha mnada wa vitu chakavu. Watumishi waligombea viti, makabati na jokofu bovu. Rajabu dereva alipata meza mbili na kuzipandisha Newala siku ileile kwa gari la Kituo. Mzee Anselmo alinunua hadubini ya kwanza ya Kituo, nzito kama mchi, ambayo hakuna aliyeigusa kwa kuwa haikaliki wala haiwezi kuwekewa soda. Tulimcheka wiki nzima.

Tuje kwenye mabati. Biashara huria ilipoingia kwenye korosho, wanunuzi binafsi walijaa vijijini, na kijiji cha Lulindi, tunakotega mbu wetu, kikaanza kuvua nyasi na kuvaa bati. Mwaka huohuo ukaja mradi wa wafadhili na dawa ya kupulizia kuta. Baada ya msimu mmoja mbu wa Lulindi walianza kufa wangali vijana. Bwana Dickson alishona suti. Mtaalamu wa mradi alikuja kupiga picha, tukamwitia mkutano na kumwimbia.

Mzee Anselmo hakuimba. Kwenye mkutano ule, mbele ya mgeni, alisimama akaeleza kwamba katika nyumba za bati ambazo dawa ilikuwa haijafika, kwa sababu pampu ilikuwa imeharibika na Rajabu alikuwa na safari zake, mbu walikufa vijana vilevile. Mchana chini ya bati ni joto kavu, mbu hawezi kulala humo, wakati nyasi humtunzia ubaridi na unyevu. Hakusema kwamba dawa haifai. Alisema hajui bado kipi kimefanya kazi, bati au dawa, na kwamba akipewa masika mawili mengine atajua. Mgeni aliandika kitu. Bwana Dickson alitabasamu kwa meno ya mbele tu, na kuanzia siku hiyo faili la utumishi la Mzee Anselmo likaanza kuitwa ofisini kwake mara kwa mara.

Faili linasema alizaliwa tarehe moja Julai 1941. Tarehe moja Julai ndiyo siku walipozaliwa nusu ya wanaume wa wilaya hii, kwa mujibu wa makarani. Ule mwaka ulitokana na mkono. Alipopelekwa kuandikishwa shule, mwalimu alimwambia apitishe mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili, kama walivyopimwa wote zama hizo. Mliomwona Mzee Anselmo akishusha mtego wa mbu kwenye paa bila ngazi mnajua ana mikono ya namna gani. Mkono ulipita sikio ukafika shavuni, na mwalimu akamwandika mkubwa kuliko wenzake wote. Kwa mkono huo ametimiza miaka hamsini na mitano, na kwa mkono huo anastaafu, masika mawili kabla ya kupata jibu lake.

Hapa lazima tuzungumze kama watu wazima. Katika Kituo hiki umri hurekebishika. Tangu orodha za kupunguza wafanyakazi zianze kutembea, watumishi wetu wamekuwa wakipungua miaka kwa kasi ambayo mbu angeionea wivu. Rajabu dereva sasa ni mdogo kwa mdogo wake wa kuzaliwa tumbo moja. Bwana Dickson mwenyewe, kwa hati ya kiapo iliyopigwa mhuri wa bluu, alianza darasa la kwanza akiwa na miaka miwili. Mwandishi wa wasifu huu naye alizaliwa mara mbili, mara ya pili mwaka jana, mbele ya wakili, kwa kiapo cha shangazi ambaye hakuwepo mara ya kwanza.

Basi nani angestahili hati kama si Mzee Anselmo? Mwandishi aliipiga taipu kwa mkono wake mwenyewe, mwaka wa kuzaliwa akaweka 1944, ikabaki sahihi tu. Dada yake mkubwa, Dada Anastasia, alikuja kwa miguu kutoka kijijini kwao Chidya kuapa. Ofisi nzima ilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi, akasema anakumbuka vizuri, Anselmo alizaliwa mwaka wa njaa, yeye ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni wakati mama anakwenda porini kuchimba mizizi ya ming'oko. Tulifurahi. Njaa hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiitafuta.

Mzee Anselmo akamwuliza dada yake, taratibu kabisa, ni njaa ipi, maana zilikuwa mbili. Dada Anastasia alisema kwamba kwa mtoto aliyebeba mtoto mwenzake, njaa zote ni moja.

Mwandishi alimsukumia kalamu. Alimwambia kwamba hakuna wa kumwuliza, kwamba wote wamesaini, na kwamba masika mawili yake yako pale chini ya karatasi. Mzee Anselmo aliitazama ile hati kwa makini, kama anavyotazama kipande cha kioo chenye mrija uliokatika.

"Mama Julia," alisema, "nimewakatalia watu hawa kukisia umri wa mbu miaka ishirini na tisa. Nikikisia wangu, kesho watanirudishia madaftari yote."

Akarudisha kalamu. Mwandishi alikasirika sana na hakumwandalia chai siku hiyo.

Fomu ya kustaafu ilipokuja, kwenye nafasi ya umri Mzee Anselmo aliandika: haijulikani. Ilirudishwa. Akaandika tena. Ilirudishwa mara ya pili ikiwa na maelekezo ya Bwana Dickson kwamba masjala ijaze hamsini na mitano. Masjala ni mimi. Nilijaza. Watu tuliofundishwa na yeye kwamba mbu hapimwi kwa mbawa, tumemstaafisha yeye kwa urefu wa mkono, na ripoti ya mradi inaondoka mwezi ujao ikisema dawa imefanya kazi, haina haijulikani hata moja.

Sasa zawadi. Kwa pendekezo la Bwana Dickson, watumishi wamemchangia Mzee Anselmo mabati, kwa kuwa mtaalamu wa Kituo kizima kuishi chini ya nyasi haipendezi. Mzee ameyapokea kwa shukrani za kweli. Ameyapima. Jana alipokuja kuaga masjala aliniomba madaftari mawili matupu, akaniambia kwamba mabati yanatosha nusu ya nyumba ya Chidya, na nusu hiyohiyo ndiyo anayoitaka. Nusu ya pili itabaki nyasi. Ukuta wa kati ameshauinua, na Dada Anastasia amekubali kulala upande wowote atakaopangiwa, mradi apewe chandarua. Dawa haitafika huko, maana pampu bado ni mbovu. Ile hadubini tuliyoicheka ameiweka mezani dirishani, na nimeambiwa inaona vizuri.

Mzee Anselmo, Baba Nikolao wetu, asante kwa kutufundisha kazi ambayo hatukuifanya. Salamu kwa dada. Tunakuombea mvua za kutosha na sindano zisizoshika kutu. Bwana Dickson amebakiza miaka saba hapa, mimi minane, yote kwa kiapo, kwa hiyo jibu lako likitoka litatukuta tumekaa palepale. Masika mawili si mengi kwa mtu ambaye umri wake haujulikani.

Winfrida, Mama Julia
Masjala