Ambwene Anyitike Swila, Fundi Aliyeituliza Starlet

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Ibaba na wageni wetu mliotoka Tunduma: mimi ni Jenista, mdogo wake marehemu. Familia ilipendekeza wasifu huu usomwe na mtu mwenye sauti isiyotetemeka. Nimekataa, kwa sababu kuna jambo moja la kaka yangu ambalo mimi ndiye niliyeliharibu, na ni mimi ninayepaswa kulisahihisha mbele yenu. Nitalifikia kwa mpangilio wake.

Ambwene Anyitike Swila alizaliwa tarehe 14 Agosti 1974 hapa Ibaba, Ileje, wakati huo tukiwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wanne wa marehemu mzee Anyitike Swila na mama yetu Tabita, aliyeketi hapa mbele. Mama anasema hakulia alipozaliwa mpaka mkunga alipompulizia usoni, na kwamba tangu siku hiyo yeye na upepo hawakupatana.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1983 katika shule ya msingi hapa kijijini na kumaliza la saba mwaka 1989. Hakuchaguliwa kuendelea. Baba alimruhusu kununa siku tatu, kisha akamkabidhi jembe. Alinuna siku moja tu. Mwaka 1992 alishuka Tunduma kujifunza kunyoosha bodi za magari, na fundi aliyempokea alimpa bampa moja lililopondeka akamwambia alinyooshe mpaka amridhishe. Fundi aliridhika mara ya tano. Ambwene aliendelea mpaka ya saba, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa hajaridhika. Ndivyo alivyokuwa, na sisi ndugu zake tuliteseka naye.

Tarehe 16 Mei 1998 alifunga ndoa na Gwantwa, mfumaji wa masweta ya shule. Mungu aliwajalia Irene mwaka 2000 na Emanueli mwaka 2003, mwaka ambao pia Ambwene alifungua gereji yake karibu na maegesho ya malori Tunduma. Jirani yake wa kazi, na baadaye ndugu yake kabisa, alikuwa Idrisa, muuza spea kutoka Kigoma. Idrisa husali msikitini na Ambwene kanisani, na hawakuwahi kugombana kwa lolote isipokuwa bei ya rangi.

Jumapili tarehe 19 Julai 2015, Ambwene na Gwantwa walikuwa wakirudi kutoka Mlowo kwa gari lao dogo, Starlet nyeupe ya milango mitano. Julai huku kwetu mnajua upepo wake. Lori lilipishana nao kwa kasi, upepo wake ukaisukuma Starlet, nyuma ikayumba, na gari likaishia mtaroni. Ambwene alitoka bila jeraha. Gwantwa alivunjika mfupa wa bega, na mtoto waliyekuwa wakimtarajia, mimba ya miezi saba, alizaliwa usiku ule bila uhai. Walimwita Tabita. Amelala pale, hatua chache kutoka kaburi tunalokwenda kulifunika leo.

Gwantwa aliapa kutopanda tena gari dogo. Ambwene hakumbembeleza. Alimwambia, nami nilikuwepo, "Sitakuomba upande mpaka nihakikishe upepo hautalichezea." Gwantwa akamjibu, "Basi utaniomba uzeeni." Idrisa alimshauri auze lile gari anunue jingine, zito. Ambwene akasema lililomwangusha mke wake ni hilo, na litakalompandisha ni hilohilo.

Kuanzia hapo, kila jioni baada ya kufunga magari ya wateja, alikuwa chini ya Starlet. Kwanza alikosea. Alichukua kwa Idrisa bawa refu la gari la mashindano, akalifunga nyuma kwa skrubu nane. Nyuma ilikandamizwa kweli, lakini mbele pakawa pepesi, na akikimbia usukani ulikuwa kama umeshikwa na mtoto. Alilifungua siku ileile, na mpaka leo kuku wa Gwantwa hulala juu yake. Hapo ndipo alipoelewa kwamba gari ni lazima litulizwe lote kwa pamoja. Akatengeneza mdomo wa faiba chini ya bampa la mbele, ili upepo usiingie chini na kuliinua gari. Akafunika tumbo la gari kwa bati la aluminiamu, akiacha nafasi ya ekzosi na ya kumwagia oili. Mwisho wa paa akaweka spoila fupi, kibawa cha kuongoza upepo. Idrisa alikuwa akimtania: "Mzee Swila, gari unalivalisha suti, na wewe mwenyewe ovaroli imetoboka."

Sasa nifike kwenye jambo langu. Ili ajue upepo unapita wapi, Ambwene alichukua mabaki ya sufu nyekundu ya kufumia ya Gwantwa, akakata nyuzi za urefu wa kidole, akazibandika kwa utepe juu ya paa, kioo cha nyuma na mlango wa buti, zaidi ya mia moja. Akiendesha, Idrisa alimfuata nyuma kwa gari lake akiziangalia. Uzi uliolala, upepo hapo unapita vizuri. Uzi unaochezacheza, upepo unasumbua. Ni kazi ya akili kabisa. Lakini Desemba 2018 alikuja Ibaba kwa Krismasi kabla hajazibandua, na gari likapanda mlima huu likiwa na nyuzi nyekundu zinazopepea juu na nyuma. Nadhani mnakumbuka. Wapo waliowaingiza watoto ndani. Mimi, nikiwa katibu wa akina mama, nilikwenda kwa wazee wa kanisa nikasema kaka yangu amefungiwa dawa na mganga.

Niliona kwamba sufu ile ni ileile ya sweta niliyokuwa nimevaa. Niliona, na bado nikaenda kusema. Nilimwonea aibu kaka yangu kuliko nilivyompenda siku ile. Nimetubu kwa Mungu, na leo natubu kwenu.

Ambwene aliitwa mbele ya baraza. Hakukasirika. Aliwaomba wazee wasimame barabarani awapitie na gari. Akapita mara tatu. Mzee Amoni, aliyekuwa mwenyekiti, akamwambia, "Za juu zimelala. Lakini hizi za karibu na buti hazina adabu." Ambwene alimshukuru kama mtu aliyepewa zawadi, akalala chini palepale kwa suruali ya kanisani kutazama kwa nini. Aliporudi Tunduma aliirefusha spoila kwa upana wa vidole vinne, na nyuzi za nyuma zikatulia. Alimpigia simu mzee Amoni kabla hajampigia mke wake.

Gwantwa alitoka kulitazama gari, akasema, "Limekuwa zuri. Mimi napanda Kosta." Kwa miaka ile yote waliposafiri, yeye alipanda basi, na Ambwene alifuata na Starlet, akamsubiri stendi na kumbebea mizigo. Hakulalamika hata mara moja. Alirudi gereji akatafuta kilichobaki.

Katikati ya mwaka 2023 alianza kukohoa. Tulimwambia kwa miaka mingi afunike pua na mdomo anaposugua faiba, vumbi lake lisimwingie, na kwa miaka mingi alisema atafunika kesho. Nasema hili kwa uchungu, na mafundi mliopo hapa mlichukue. Madaktari walituambia mapafu yamekakamaa. Alitibiwa Tunduma, kisha Mbeya. Emanueli alimpeleka kwa Starlet, Gwantwa akiwafuata kwa basi. Wiki yake ya mwisho alimwambia Emanueli, "Nyuma bado kuna kitu kinagonga. Mama yako asiombwe kupanda kabla hujakitoa." Emanueli alifungua bati lote la chini asione kitu. Kilichokuwa kinagonga ilikuwa spana ya baba yake mwenyewe, imesahauliwa chini ya tairi la akiba. Alipoletewa kitandani alicheka mpaka akakohoa. Ambwene alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka hamsini.

Ameacha mama, mjane, watoto wawili, mjukuu mmoja, wadogo watatu, na Idrisa, ambaye familia imeamua aandikwe hapa.

Hapo ndipo ratiba mliyoshika inapoishia. Ilichapwa Jumatano. Haya yanayofuata nimeyaandika kwa kalamu leo asubuhi.

Jana tulipouleta mwili, kanisa lilikuwa limekodi Kosta, na wifi yangu alitengewa kiti cha mbele. Aliipita. Alikwenda kwenye Starlet iliyosimama nyuma ya gari la mwili, akafungua mlango wa mbele, akakaa. Emanueli alisimama ameshika funguo asijue la kufanya. Gwantwa akamwambia, "Twende. Hajawahi kuniomba. Nimekuja mwenyewe." Mimi nilikaa nyuma.

Kabla ya kufika Mpemba nikaona malori yanakuja. Gwantwa akashika mshikio wa mlangoni kwa mikono miwili na kufumba macho. Emanueli hakupunguza mwendo wala kuongeza. Baada ya muda mama yake akauliza, macho bado yamefumbwa, "Limepita?"

"Yamepita matatu, mama."

Akafumbua macho. Akatazama barabara, kisha akaachia mshikio, mkono mmoja, halafu wa pili, akaviweka viganja vyake magotini. Akasema, "Kumbe alikuwa ameshamaliza."

Kaka yangu, umesikia. Kazi yako imekaguliwa na yule uliyemfanyia, naye ameipokea. Bwana akupe pumziko lenye amani, wewe na mtoto wako Tabita.