Siku Mama Aimée Aliposhika Njia ya Kambove

Mwezi wa saba hapa mtaani kwetu Kikula, baridi ya asubuhi inauma vidole hata vya mtu aliyevaa soksi mbili. Kwangu hiyo ndiyo saa nzuri. Naweka chini mbabula, jiko langu la makaa, kahawa juu yake, termosi pembeni, mikate ya mafuta kwenye beseni, na benchi linajaa lenyewe. Wateja wangu wa kudumu ni watatu. Papa Barthélemy tunamwita Sirène, kwa sababu alifanya kazi kiwandani mpaka akazeeka, na hata leo anaamka saa ile ile king'ora kilipokuwa kikilia. Doudou tunamwita Docteur, kwa sababu aliwahi kuuza dawa za minyoo sokoni. Clovis anaendesha pikipiki ya abiria, naye tunamwita VAR, kwa sababu kila jambo anataka litazamwe upya hata kama mechi imekwisha na watu wamelala. Siku zile walikuwa wanakunywa, wanaangalia barabara, na kila aliyepita alihukumiwa.

Mwezi ule aliyehukumiwa kuliko wote alikuwa Gaëlle. Ni mke wa Ricky, kijana anayechimba madini Kambove na kurudi Jumamosi na vumbi jekundu masikioni. Tangu amzae binti yao, Aimée, mtaa mzima tunamwita Mama Aimée. Kabla ya hapo alikuwa msichana wa handball, mwenye mkono wa kutisha makipa. Alipozaa, mama mkwe wake, Mama Gertrude, alimlisha kama desturi inavyotaka: ugali wetu wa bukari, sombe ya majani ya muhogo na mawese, na kinywaji cha munkoyo kila alipopumua, ili maziwa yashuke. Maziwa yalishuka. Vingine vyote vilipanda.

Siku moja Mama Aimée alikuja kununua mikate, akainama kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka.

— Mama Laure, nikilala nasikia moyo inapiga mu masikio. Muganga wa hospitali amesema damu inapanda. Amesema nitembee kila asubuhi mpaka jasho itoke.

— Basi tembea, mutoto wangu.

— Shida haiko miguu, Mama. Miguu iko. Shida ni kufungua mulango.

Kesho yake aliufungua. Alitoka na viatu vyake vya zamani vya handball, Aimée mgongoni ndani ya kitenge, akashuka mpaka rond-point, kwenye mzunguko wa barabara, akapanda tena. Benchi lilimpokea kwa moyo mweupe kabisa.

— Courage, Mama Aimée! Tumbo itaisha! akapaza sauti Clovis, akampigia honi.

— Kaza! akasema Doudou. Mafuta ya nyuma njo ya mwisho kutoka!

— Lakini usikimbie, binti, akasema Sirène. Haraka haraka haina baraka. Kukimbia ni kutafuta laana.

Watu wa ng'ambo ya barabara wakatoka nje kuangalia kuna nini. Mama Aimée akatabasamu, akapita. Ikawa hivyo kila asubuhi: yeye anapita, wao wanashangilia, na tabasamu lake linafupika. Halafu asubuhi moja hakupita. Wala iliyofuata.

Benchi lilichukua jambo hilo kwa uzito.

— Ameacha sport, akasema Clovis.

— Motivation njo imeisha, akasema Doudou. Motivation iko sawa munyo ya mboga. Ikiisha mu nyumba, unaenda kuomba kwa jirani.

— Bazee bali­sema, penye nia pana njia, akasema Sirène. Munasikia? Njia *pana*. Hii avenue yetu ni nyembamba. Sasa nia yake itapita wapi?

Hakuna aliyepinga. Sirène akapata nguvu.

— Zamani, sirène ya kiwanda ilikuwa inalia mbele ya jua kutoka. Muji muzima inaruka ku kitanda. Ile kuruka njo sport yenyewe. Mafuta ya mwili inaogopaka makelele. Tangu makelele iishe, bamama bananenepa.

— Lakini Vieux, bibi yako alikuwa munene, na sirène ilikuwa inalia kila siku, akasema Clovis.

— Hakukuwa anasikia muzuri.

Clovis akakubali. Akamega mkate.

— Minye naona shida ni samaki, akasema. Samaki ya mutoni inapigana na mayi, iko na nguvu. Lakini samaki ya ziwa Tshangalele? Mayi imesimama. Samaki iko pale, imekaa, inangojea. Muntu akikula samaki muvivu, buvivu inaenda wapi?

— Ku tumbo, akasema Doudou.

— Ku tumbo.

— Muko karibu na kweli, lakini hamuyafika, akasema Doudou. Alikiweka kikombe chini, ishara kwamba sasa ni sayansi, akaendelea: Ile mayi ya Tshangalele njo inaenda kugeuza mashini ya Mwadingusha. Mwadingusha inatuletea courant ya taa. Bon. Courant ikikatika usiku, ile nguvu yenye ilikuwa mu nyaya inaenda wapi? Haiwezi kupotea, c'est scientifique. Inatafuta muntu mwenye iko macho. Na nani iko macho usiku? Mama mwenye kunyonyesha. Inamuingia.

Niliwajazia vikombe kuipa heshima nadharia hiyo.

— Na nyinyi benyewe? nikauliza. Hayo matumbo yenu mulizala lini?

Sirène akalipapasa la kwake.

— Haba na haba hujaza kibaba, Mama Laure. Hii ilichukua miaka. Ya haraka njo mubaya.

— Dawa yake ni moya tu, akaendelea Doudou. Wivu. Wivu inachoma mafuta kuliko haya makaa. Uambie mwanamuke bwana yake iko na mwingine, mwembamba. Kesho utamuona anakimbia mupaka Lubumbashi.

Clovis alikuwa anaangalia ndani ya kikombe chake kama mtu aliyeona nzi.

— Ile, nilishafanya, akasema.

— Ulishafanya nini?

— Jana mangaribi. Nilimukuta ku bomba ya mayi. Nikamuambia Ricky iko na mademoiselle kule Kambove. Mwembamba. Anauzisha mayunite ya telefone.

— Ni kweli?

— Hapana. Ni motivation.

Nilikuwa bado natafuta neno la kumwambia Clovis, Mama Gertrude akatokea barabarani. Alikuwa amevaa ndara mbili zisizofanana.

— Hamuyaona Gaëlle? Ameamuka na asubuhi kabisa, akafunga mutoto mu mugongo, akasema anaenda kutembea. Jua imepanda, harudi. Mwenye kuuzisha makaa anasema alimukuta ku njia ya Kambove.

— Munaona? akasema Doudou. Inafanya kazi.

Tulimtazama wote. Akaanza kutazama viatu vyake.

Njia ya Kambove si avenue yetu. Ina malori ya madini ambayo hayapunguzi mwendo hata kwa mazishi, na vumbi lake likikuingia kifuani linakaa. Ndipo nikawaambia lile Mama Aimée aliloniambia akiwa ameinama: moyo masikioni, damu inayopanda, maneno ya mganga. Wote watatu walikuwa wanadhani anatafuta kiuno. Sirène alivua kofia yake ya sufu, akaishika mkononi kwenye baridi ile.

— VAR, akasema. Weye njo ulimutuma. Weye njo utamurudisha.

Clovis alikanyaga pikipiki, ikakataa. Akakanyaga tena, ikakataa. Alipokanyaga mara nyingine ikawaka, naye akaondoka bila kungoja abiria.

Mama Gertrude akaketi kwenye nafasi ya Clovis. Nikampa kahawa. Hakuinywa.

— Minye njo nilimulisha, akasema. Nilipozala Ricky, hakukukuwa kintu mu nyumba. Nilikuwa nakunywa mayi ya moto na munyo, mutoto analia, maziwa hakuna. Nikasema, huyu mwenye atamuzala mujukuu wangu, huyu atakula.

Alikuwa analia bila sauti. Doudou alifungua mdomo, na nilidhani ataleta sayansi, lakini alisema tu:

— Umelisha muzuri, Mama. Mutoto iko na afya.

Kisha tukangoja. Sijawahi kuliona benchi lile likikaa muda mrefu namna ile bila nadharia. Wanawake walipita na ndoo, wanafunzi walipita, hata padri alipita na baiskeli yake, na hakuna aliyehukumiwa.

Jua lilikuwa limefika juu ya mabati tulipowaona. Mama Aimée alikuwa mbele, anatembea, vumbi mpaka magotini, uso unang'aa jasho, hatua zake ndefu kama za mtu anayejua anakokwenda. Nyuma yake Clovis alikuwa anasukuma pikipiki iliyozimwa. Mgongoni mwake, ndani ya kitenge kilichofungwa fundo kubwa kifuani, Aimée alikuwa amelala fofofo, shavu limebanwa kwenye koti lake la udereva.

Hakuna aliyecheka. Jambo hilo lilitugharimu.

— Alikatala kupanda, akasema Clovis, anahema. Nikamuambia nilimudanganya. Akasema alijua. Nikamuambia panda basi. Akanipa mutoto, akaendelea kutembea.

Mama Gertrude alimshika mkwewe mabega, akamgeuza huku na huku kana kwamba anatafuta palipovunjika.

— Ulienda kumukamata Ricky?

— Hapana, mama. Ricky akifika Jumamosi anasinzia na kiatu moya ingali mu muguu. Mademoiselle gani atamubeba?

— Sasa Kambove ulifuata nini?

— Sikufuata Kambove. Na sikufika.

Nikampa kikombe cha maji, akakimaliza kwa mkupuo.

— Nilitaka njia yenye haina muntu wa kuangalia tumbo yangu, akasema. Ni ile tu. Malori ilikuwa inapita, hakuna dereva aliyeniambia courage. Nilikuwa nasikia pumzi yangu na pumzi ya mutoto. Nikajikuta nimevuka ile kilima ya mwisho ya muji, na sikukuwa nimechoka. Nikakaa ku jiwe, nikamunyonyesha. Njo VAR akanikuta.

— Lakini sisi tulikuwa tunakusukuma, akasema Doudou. Ilikuwa ya kukupa nguvu.

— Najua, Docteur. Minye najua. Lakini ile nguvu yenu, nilikuwa naisikia tangu ku kitanda. Nikishika mulango, naisikia. Nikawa naacha mulango.

Hakusema kwa hasira. Alimwendea Clovis, akalifungua fundo, akamtoa mtoto taratibu asimwamshe. Clovis alibaki ameinama kidogo, mikono nyuma, kama mtu anayeogopa kwamba kitu bado kiko mgongoni.

Mama Aimée alimfunga binti yake. Alipomaliza, aliwatazama wale wanaume watatu, mmoja mmoja, akauliza:

— Kesho asubuhi, mutakuwa hapa?

Hakuwa anawatega. Aliuliza kama mtu anayeuliza duka litafunguliwa saa ngapi, na alisimama kweli kungoja jibu.

Sirène alivaa kofia, akaivua. Wakisema ndiyo, wamemfungia mlango. Wakisema hapana, wamesema uongo, maana watakwenda wapi? Wamekaa hapo tangu mimi sijaanza kuuza kahawa. Doudou alianza neno "scientifiquement" akaliacha katikati. Clovis alinitazama mimi, kana kwamba ninayo picha ya marudio.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Sirène akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. Sijui alimaanisha nini. Nadhani hata yeye hakujua.

Mama Aimée aliitikia kwa kichwa kwa heshima, akaondoka na mama mkwe wake. Mama Gertrude alikuwa amemshika mkono kama watu wanaovuka mto.

Nilipofika asubuhi iliyofuata na beseni langu kichwani, walikuwa wameshafika. Baridi ilikuwa kali kuliko jana. Benchi halikuwa limesogea hata hatua moja, ila lilikuwa limegeuzwa. Wanaume watatu walikuwa wamekaa bega kwa bega, wameipa barabara migongo, wanaangalia ukuta wa duka lililofungwa. Ukutani hakuna kitu ila rangi iliyobabuka na tangazo la sabuni.

Sikuuliza. Niliwasha makaa, nikamimina, nikawapitishia vikombe juu ya mabega.

Baada ya muda nikasikia mlango wa akina Ricky ukifunguliwa, kisha viatu kwenye changarawe. Migongo mitatu ikanyooka. Shingo ya Clovis ilitetemeka kama ya kuku anayezuiwa, lakini haikugeuka. Viatu vilikaribia, vilipofika usawa wa benchi vikasita kidogo, halafu vikaendelea kushuka kuelekea rond-point, haraka kuliko vilivyokuja.

— Anakanyaga sasa mbele ya muguu, akanong'ona Doudou. Jana alikuwa anakanyaga ku kisigino.

— Nyamaza, akasema Sirène. Angalia sabuni.

Hivyo ndivyo tunavyoishi hadi leo. Mvua zimekuja, wamefunga turubai juu ya benchi, na bado wanaangalia ukuta. Nadharia hazijakoma; sasa zinahusu sabuni. Mama Gertrude naye siku nyingine anashuka na mkwewe, na ndara zake zinalia nyuma ya vile viatu mpaka kwenye kona. Mimi peke yangu, kwa kazi yangu, ndiye ninayekaa nikiielekea barabara.

Juzi alipita tena. Nilimwona kuanzia juu ya mteremko mpaka chini. Sirène alingoja viatu vifike mbali, akainamisha kichwa upande wangu bila kugeuza macho.

— Mama Laure. Weye njo unaona. Anapungua?

Wote watatu waliacha kunywa. Niliangalia barabara, nikaangalia ile migongo.

— Kafe imeisha, nikasema.

Termosi ilikuwa imejaa mpaka kwenye kizibo.