Petroli Safi ya Shemeji Yangu

Bwana asifiwe, ninyi wa mabenchi ya mbele, na ninyi mliokosa nafasi mkasimama dirishani! Mimi ni Raheli, mjane wa Yohana, mkunga wa zahanati kule Nyegezi. Wengi wenu mnanijua kwa mlio wa skuta kabla hamjaniona sura.

Ndugu zangu, kila Jumapili tunasikia hapa ushuhuda wa pombe, wa wizi, wa hirizi zilizochomwa moto. Ni vizuri, Mungu azidi kutukuzwa. Lakini leo msiyategemee hayo kwangu. Mimi sikutolewa kwenye pombe. Nilitolewa kwenye mikono ya watu wema waliotaka kunirudisha nyumbani kama mzigo, na Bwana alinitoa kwa njia ya pistoni, magadi na oili. Anayeona hayo si mambo ya kanisani atoke nje apunge hewa. Mimi naendelea.

Mume wangu alikuwa mwinjilisti. Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao alimwachia ile skuta, na kabla homa haijamchukua, Yohana alinifundisha kuiendesha kwenye uwanja pale Nyegezi, yeye akikimbia pembeni ameshika kiti, anapiga kelele, breki, breki! Alipofariki, zahanati ikanipa kazi ya kuwafuata akina mama wajawazito vijijini, njia nzima ya kwenda Misungwi. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu nina skuta. Bila skuta, sina kazi. Na walikuwapo waliosema mwanamke hafai kupanda chombo kile. Nawaambia hata leo, skuta haipandwi kama farasi. Unakaa kama ulivyokaa wewe hapo kwenye benchi, magoti pamoja, gauni limetulia.

Ukoo wa mume wangu uko Misungwi. Wazee walikuwa wamesema wazi: Raheli akiwa na kazi, akae mjini, kazi ikiisha, arudi akae uani kwa Zakaria, kaka yake Yohana, alime pamba na wenzake. Shemeji Zakaria hakutaka kunirithi kama desturi ya zamani, la, yeye ameokoka na ana mke wake. Alitaka kunitunza. Lakini kutunzwa na mtu ambaye hukumwomba ni kifungo chenye chakula. Tena ulikuwa ni wakati ule tunaelekea uhuru. Barabara zote za mji watu wanaimba kujitawala, na mimi nafikiria siku ambayo nitafungiwa virago!

Sasa nimseme kidogo huyu shemeji, maana yuko hapa, benchi la pili, na ameniruhusu. Ni mtu mwema. Alipookoka alisimama mbele ya watu akaungama kwamba alikuwa anatia maji kwenye maziwa anayouza. Tangu siku hiyo akawa adui wa kila mchanganyiko. Akinunua maziwa anayaonja kwanza. Akinunua unga anauchambua kwenye kiganja. Wachuuzi wakimwona anakuja wanafuta mizani.

Basi alikuja mjini kunitembelea, akakuta nina maandalizi ya safari, akasema, shemeji pumzika, mimi nitakwenda kukununulia mafuta. Nikamshukuru. Nikampa debe, akaenda kwa muuzaji kule Mirongo.

Niwaeleze, ili msipotee. Injini ya gari ina oili yake chini. Injini ya skuta ile haina. Oili yake inakuja ndani ya petroli, imechanganywa kabisa, na bila oili hiyo vyuma vinasuguana vikavu mpaka vinashikana. Kwa hiyo muuzaji wa Mirongo, akijua ni ya skuta, humimina petroli, halafu huchukua kopo la oili na kutia kidogo. Na Zakaria akaliona lile kopo! Ndugu zangu, mtu aliyetubu kutia maji kwenye maziwa, anaona kwa macho yake mtu anatia kitu kwenye petroli. Mnafikiri alifanya nini? Aliushika mkono wa muuzaji. Akamhubiria pale pale. Akarudi na debe la petroli safi kama machozi, uso unang'aa, na mimi kwa haraka nikaimimina yote kwenye tangi.

Nilipita Buhongwa salama. Mbele kidogo, penye mlima, skuta ikaanza kulia sauti nyembamba ambayo sijaisikia tangu niifahamu. Halafu gurudumu la nyuma likakwama ghafla kama limeshikwa na mtu. Nilianguka na begi langu, nikachubuka kiwiko na goti. Nikaiinua, nikapiga kiki. Kiki haikushuka. Pistoni ilikuwa imeng'ang'ana ndani ya silinda. Mama niliyekuwa namfuata nilimfikia kwa miguu, ninachechemea, na alijifungua salama, Mungu ashukuriwe. Skuta ililetwa mjini juu ya gari la ng'ombe.

Habari zikatangulia mbele yangu. Watu wakasema ni mkono wa Mungu. Wakasema mwanamke alionywa hakusikia. Kikundi cha maombi kilikuja nyumbani kwangu kuniombea nijisalimishe, na Zakaria alilia machozi ya kweli, akisema Bwana amezungumza. Wazee wa Misungwi wakaleta neno kwamba siku ya sherehe ya mavuno, ukoo wote ukikusanyika, nitapokelewa rasmi uani. Zahanati nayo ikanivumilia mpaka siku hiyo hiyo, wakasema baada ya hapo watatafuta mtu mwingine.

Niliumia, siwafichi. Nilifunga mlango nikalia. Lakini nilipomaliza kulia nilikasirika, na katika hasira nikamwambia Mungu: Bwana, kama ni wewe uliyeivunja, nionyeshe mahali ulipoipiga. Nikaisukuma mpaka kwa Fundi Sefu.

Fundi Sefu ni Mwislamu, mtu wa makamo, ana uwanja wake wa kutengenezea baiskeli na pikipiki nyuma ya Mirongo, kazi aliyoachiwa na baba yake. Kwa hilo pia nilinong'onwa. Wanong'onao nawasalimu. Yeye hakuniuliza dini wala hakuniuliza nani amenituma. Alifungua tangi, akachovya kidole, akasugua petroli kwa kidole gumba, akanusa. Akaniuliza oili iko wapi. Nikarudi nyumbani upesi.

Nikamkuta Zakaria anajiandaa kurudi Misungwi.

"Shemeji," nikamwuliza, "yale mafuta, muuzaji hakutia oili?"

"Alitaka kutia, nikamzuia. Mchezo ule naujua, nilikuwa nafanya kwenye maziwa. Nilikuletea safi tupu."

"Ndiyo yaliyoiua injini."

Alinitazama kwa huruma, ile huruma ya mtu mwenye hakika. "Raheli," akasema, "Mungu hawezi kuadhibu uaminifu. Kama skuta imekufa kwa mafuta safi, basi haikutakiwa kuishi."

Ndugu zangu, neno lile lilinisimamisha wima. Nikamwambia, "Basi tutaona." Nikarudi kwa Fundi Sefu nikamwambia, nifundishe, nitaifungua kwa mikono yangu.

Tulimimina mafuta ya taa juu ya pistoni tukaiacha ilowe, tukaigonga taratibu kwa kipande cha mti mpaka ikaachia. Ilipotoka ilikuwa imechubuka ubavu mmoja, na ringi zake, zile pete za chuma zinazoizunguka, zimezama hazichezi. Ndani ya silinda kulikuwa na michirizi myeupe. Fundi alisema hiyo ni aluminiamu ya pistoni, imeyeyuka ikaganda kwenye chuma. Kawaida silinda inapelekwa ikachongwe kwenye mashine, na waliokuwa na mashine hiyo karibu ni watu wa karakana ya meli, na wao walikuwa na foleni mpaka baada ya mavuno. Akaweka spana chini. Alisikitika kuliko mimi.

Mimi nilikuwa nimeitazama ile michirizi, nikakumbuka sufuria yangu. Tunaotengeneza sabuni huku ziwani tunajua, yale magadi makali ya sabuni ukiyatia kwenye sufuria ya aluminiamu, yanachemka bila moto na sufuria inaliwa. Kwenye chungu cha chuma hayafanyi kitu. Mimi niliwahi kuipoteza sufuria ya harusi yangu kwa kosa hilo. Nikamwuliza Fundi, silinda hii ni chuma? Chuma, akasema. Na uchafu huu ni aluminiamu? Akanielewa kabla sijamaliza, akacheka mpaka akashika mbavu, akasema twende, kalete magadi yako.

Nilifunga kitambaa puani, nikapaka magadi kwa kijiti penye michirizi tu. Ikatoa mapovu. Nikasuuza, nikapaka tena. Ilipokwisha, chuma kilikuwa kitupu na kizima, mikwaruzo midogo tu, na tukaipitishia msasa laini, tukapaka oili upesi isishike kutu. Pistoni tuliipiga tupa kidogo penye jeraha. Ringi nzima Fundi alizitoa kwenye skuta nyingine iliyokuwa imekufa kwa ajali, akazipima kwa kucha na jicho. Niliimba wakati wa kufunga vile vyuma. Fundi aliitikia bila kujua maneno.

Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Nikaweka mkono juu ya silinda nikaomba kwa sauti, sikuona haya. Fundi alisubiri mpaka nikasema amina, halafu akasafisha platini, vile vyuma viwili vidogo vya kuleta cheche, kwa kipande cha msasa. Ikawaka! Moshi ulijaa uwanja, kuku wakakimbia. Akanifundisha kugeuza skrubu ya kabureta kidogo kidogo huku nasikiliza, na kutoa plagi kutazama rangi. Ikiwa nyeusi na mbichi, injini inakula mafuta mno. Ikiwa nyeupe, inakufa njaa na joto. Ikiwa ya kahawia kama chai ya maziwa, ondoka salama. Tukatia oili kuzidi kipimo cha kawaida, akaniagiza niende polepole, mlima nisiulazimishe, mpaka vyuma vizoeane.

Siku ya mavuno wazee walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ghala la pamba wakiningoja nishuke kwenye basi na virago. Mama mkwe alikuwa ameshasiliba chumba changu kwa udongo mpya. Yeye ndiye aliyeisikia skuta kwanza. Alitoka nje mbio, khanga inaburuta, na aliponiona ni mimi akasimama akaziba mdomo. Ule mlio ulikuwa mlio wa mwanawe. Nikazima injini nikamkumbatia, tukalia wote wawili, wala hakuna aliyetuharakisha.

Halafu nikawasalimu, "Shikamooni wazee."

"Marahaba. Mizigo yako iko wapi?"

"Sina mizigo, baba. Nimekuja kuwasalimu na kula mavuno pamoja nanyi. Kesho asubuhi niko kazini."

Zakaria akainuka, akaenda kwenye skuta, akafungua tangi, akachovya kidole, akasugua, akanusa.

"Imechanganywa," akasema.

"Imechanganywa," nikamjibu, "na imenileta."

Akakifuta kidole chake kwenye shati. Kisha akawageukia wazee, akasema chumba kile wampe mgeni mwingine. Hapo ndipo nilipomheshimu kweli shemeji yangu, na hapo ndipo nilipofunguliwa.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyeumba chuma, aluminiamu na magadi, akaviwekea tabia zake na hazibadiliki kwa maneno ya watu. Namshukuru kwa Fundi Sefu, ambaye nitamshukuru hapa hata mkikunja nyuso. Bendera yetu imepandishwa, na mimi bado niko barabarani. Kama kuna mtu hapa ameambiwa kwamba kilichomvunjikia ni hukumu, nakusihi usikubali upesi. Mtumaini Bwana, piga magoti, na ukiinuka shika spana ufungue utazame ndani. Yeye haogopi kutazamwa. Mama yeyote akishikwa na uchungu leo, niite, skuta iko hapo nje, plagi yake ni kahawia.

Shemeji Zakaria alininong'oneza mlangoni kwamba ibada ikiisha atakwenda kuninunulia mafuta ya kurudia Nyegezi. Bwana ambariki sana. Mafuta nitanunua mwenyewe.