Magodoro ya Kuazima Katika Ghala la Pamba

Jina la Bwana liinuliwe, ndugu zangu! Nawasalimu ninyi wa Kirumba mnaonifahamu, na ninyi wageni wa kutoka Misungwi mnaoniona leo kwa mara ya kwanza. Mimi ni Petro Shija. Nimesimama hapa kwa sababu walisema sitaweza.

Walisema nini? Shemeji yangu Masanja, mume wa dada yangu, alisema mbele ya watu pale Mwaloni, katikati ya soko la samaki: "Petro anataka alipwe kwa kuwakutanisha watu! Sisi tunakutana msibani, tunakutana harusini. Huyu anaita watu siku tatu, hakuna maiti, hakuna bibi harusi. Nani atalipia kitu hicho?" Na mwingine akadakia: "Labda yeye mwenyewe atakufa siku ya pili, wapate sababu ya kukaa!" Watu wakacheka mpaka akina mama wakaacha kugeuza dagaa wao.

Ndugu zangu, kicheko kile kiliniuma. Lakini mimi si mtu wa kurudi nyuma. Niliondoka Mwanza na jozi moja ya viatu. Nilikwenda Nairobi, nikaosha vyombo katika hoteli miaka minne, jioni nasoma. Hakuna mjomba aliyenilipia, hakuna serikali iliyonipeleka. Nikapata diploma ya kuendesha hoteli na mikutano, na nilifaulu vizuri kuliko wote tulioanza pamoja. Nasema hivi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mtu akijua nilipanda juu kiasi gani ataelewa nilianguka kutoka wapi.

Nikarudi. Nchi ilikuwa imefunguka. Maduka yaliyokuwa matupu nilipoondoka yalikuwa yamejaa vitu, na kandokando ya ziwa watu binafsi walikuwa wamejenga viwanda vya sangara. Nikasema, hizi ndizo siku zangu! Diploma nikaitia kwenye fremu, nikaitundika sebuleni kwa dada yangu, juu ya picha ya marehemu baba yetu. Naam, juu ya picha ya baba. Wazee nikikutana nao njiani nilikuwa nasema, "Habari za asubuhi." Shikamoo niliiona ni ya watu ambao hawajafika popote. Kanisani sikuingia. Mwaka mzima ukapita hivyo, na kazi sikupata, kwa maana hoteli zote zilikuwa na ndugu zao wa kuajiri.

Ndipo meneja wa kampuni moja ya samaki akaniita. Kampuni yake ilikuwa na watu thelathini na wanane, wengine ofisini mjini, wengine kwenye vituo vya kununulia samaki visiwani na ng'ambo ya ziwa. Watu hao hawakuwa wanaonana. Kila asubuhi walikuwa wanasemezana kwa redio ya upepo, kila mmoja akiitwa kwa namba ya kituo chake. Na walikuwa wanatukanana! Kijana wa Kituo cha Tano, kule kisiwa cha mbali, alikuwa anamwuliza mama wa ofisini anayepanga boti za barafu, "Bibi Barafu, umelala juu ya barafu yetu leo?" Na yule mama akamjibu, "Kituo cha Tano, sijui kilichooza ni samaki au ni wewe." Samaki walikuwa wanaoza kweli, na kila mmoja alimlaumu mwenzake.

Meneja akaniambia, "Nimesikia umesomea mikutano. Watoe watu wangu kazini siku tatu, wakae pamoja, wapatane. Lakini sikiliza. Wakitawanyika kabla ya siku ya tatu, sikulipi hata senti moja."

Nikasema ndiyo kabla hajamaliza! Nikatafuta mahali. Hoteli za mjini zilikuwa bei juu, basi nikapata ghala la pamba la ushirika upande wa Misungwi, karibu kabisa na maji, lililokuwa tupu tangu wanunuzi binafsi walipoingia. Nikalifagia mwenyewe. Lakini watu watalala wapi? Watakula nini? Mimi niliyeacha kanisa nikaenda kugonga milango ya watu wa kanisa. Mama Kabula, kiongozi wa kwaya ya akina mama, akazunguka nami Kirumba nzima. Watu wakatoa magodoro ya vitanda vyao, ndugu zangu, wao wakalala kwenye mikeka! Yeye akatoa la kwake, na masufuria makubwa ya kwaya, akaja nayo mwenyewe kupika. Mchele nikapewa na Mzee Salumu, mfanyabiashara wa Mirongo. Aliniambia, "Kazi yako siielewi. Baba yako nilimwelewa. Chukua magunia matatu, utanirudishia."

Sasa sikieni dhambi yangu. Mwenye lori alikataa kubeba bila malipo ya mkononi. Nilipomwambia sina, akasema, "Nisipopata nauli yangu siku ya tatu, magodoro ni yangu." Nami nikakubali. Magodoro yasiyo yangu! Nikaweka rehani vitanda vya wajane, na sikumwambia hata mmoja wao. Nilikuwa nimejiamini kiasi hicho.

Siku ya kwanza wakafika kwa boti na kwa miguu, thelathini na wanane wote. Nilikuwa nimevaa tai. Ratiba nimeibandika ukutani, dakika kwa dakika. Nilifundishwa kwamba katika mkutano usiwaache watu wakae na wanaowafahamu, uwachanganye. Basi kila mtu nikampa karatasi yenye namba kifuani, nikapiga kura, nikawapanga wannewanne kwa chakula cha mchana, kila wanne sinia lao, na wawili waliobaki wakala na meneja wao. Nilitembea katikati yao nikiona uzuri wa kazi yangu.

Kura ikawaweka pamoja Mabula, yule kijana wa Kituo cha Tano, na Mama Leticia, yule wa barafu. Nikafurahi sana. Nikajisemea, hapa ndipo watapatana! Wakatia mikono kwenye sinia. Mama Leticia akamwuliza kwa upole, jinsi mtu mzima anavyomwuliza kijana, "Wewe umeoa wapi, baba?" Mabula akajibu, "Kwa Mzee Bugalama, kule kijijini Misungwi."

Yule mama akatoa mkono wake kwenye sinia kama aliyeungua. Akavuta kanga akafunika uso. Akasema, "Mke wa Bugalama ni dada yangu, tumezaliwa tumbo moja. Mlipooana mimi nilikuwa Tabora, nauguza."

Ndugu zangu wa Usukumani, ninyi hamhitaji maelezo. Mliotoka mikoa mingine niwaambie: kwetu mtu hali pamoja na mkwe wake. Hamtazami usoni, hatii mkono wake na wake katika chombo kimoja. Dada wa mama mkwe ni mama mkwe yuleyule. Na huyu kijana, zaidi ya kula naye, alikuwa amemtukana kila asubuhi karibu mwaka mzima, watu wote wakisikiliza redioni! Mabula akasimama, akatoka mbio mpaka majini, akakaa juu ya jiwe ametupa mgongo. Watu kwenye masinia mengine wakaanza kuulizana kwa hofu, "Na wewe ni wa nani?" Zikapatikana jozi nyingine mbili za wakwe. Chakula kikalala.

Nami nikafanya nini? Nikasimama juu ya benchi, nikasema kwa sauti, "Hapa ni kazini! Hapa hakuna mkwe wala mama mkwe. Kaeni mlivyopangwa!"

Mzee Lukas, karani wa mizani, mkubwa kuliko wote pale, akaniuliza, "Kijana, hiyo diploma yako, nayo ina mama?" Hakuna aliyecheka. Akaendelea, "Kesho asubuhi sisi tunaondoka." Na wote wakaitikia. Meneja alinitazama mara moja tu, akaingia ndani.

Jua lilipokuwa linashuka nilikwenda peke yangu mle ghalani, yalimopangwa magodoro. Mama Kabula alikuwa ameshona kitambaa kwenye pembe ya kila godoro, na kwenye kitambaa jina la mwenyewe, yasije yakapotea. Nikaanza kuyasoma. Nilisoma jina la mjane mwenye watoto watano. Nilisoma jina la fundi viatu, yule mwenye mguu mbovu. Nilisoma jina la dada yangu mwenyewe, nami sikujua kama alitoa! Keshokutwa yote yangepanda lori la mtu mwingine. Nikaanguka kifudifudi juu ya godoro la Mama Kabula nikalia, nikasema, "Bwana, mimi sijui kitu. Nimesoma na sijui kitu. Usiwaache hawa walale chini kwa ajili ya kiburi changu." Nilikuwa sijaomba kwa miaka mitano. Aleluya!

Mama Kabula alikuwa jikoni nje, akanisikia. Akaja na mwiko mkononi. Nikamweleza yote, hata la lori. Nilitegemea anilaani. Akaweka mwiko chini, akasema, "Petro, kwani wewe hujawahi kwenda msibani?"

Nikasema nimekwenda.

"Msibani wanafika watu mia, wengine hawajuani, wengine wamegombana. Nani anawapigia kura? Mtu akifika anauliza kwanza, huyu ni nani kwangu. Akishajua, anajua pa kukaa, anajua pa kula, anajua kama anachota maji au anapasua kuni. Wewe umewapa watu namba. Warudishie majina yao."

Ndugu zangu, Masanja alinicheka kwamba nakusanya watu bila msiba, na Bwana akachukua neno lilelile la dhihaka akanifundisha nalo! Sikuyaona hayo katika vitabu vyangu vyote.

Kulipopambazuka nikabandua ratiba ukutani mbele yao. Nikavua tai. Nikamwendea Mzee Lukas, nikamwomba radhi hadharani. Nikasema, "Boti zinawasubiri, siwazuii. Nawaomba jambo moja tu kabla hamjapanda: kila mtu aseme ni mtoto wa nani, kwao wapi, na ameoa au ameolewa wapi." Mzee Lukas akakuna kidevu, akasema, "Hilo sawa. Hilo tungelianza jana." Akaanza yeye.

Ilichukua asubuhi nzima. Watu walilia, watu walicheka. Mmoja aligundua kwamba Kituo cha Pili, aliyemwita mwizi wa mizani, alibatizwa kwa jina la babu wa huyo mtukanaji. Hakuna aliyetaja tena boti. Mchana walijipanga wenyewe: kila mkwe mbali na mkwe wake, vijana wakachukua shoka wakapasue kuni, na Mama Leticia akaenda kusimamia jiko.

Lakini lile la barafu lilikuwa halijaguswa. Mabula hakuweza kumkabili mkwe wake. Mzee Lukas akasema yeye atakaa katikati. Basi wakakaa, Mabula ameelekea ziwani, Mama Leticia ameelekea ghalani, migongo kwa migongo, mzee kati yao, na sisi wote tumezunguka.

"Mzee, mwambie mama nimekosa. Mdomo wangu umekosa."

"Mama, kijana anasema amekosa."

"Nimesikia. Mwambie na mimi niliongea kama mtu asiye na watoto. Sasa aulizwe, kwa nini kila siku alinifokea?"

"Mwambie mama, kila siku niliomba barafu, na kila siku boti ilifika kwangu na mabaki. Nilidhani ananidharau kwa sababu niko mbali."

Mama Leticia akasema polepole, "Mwambie mwanangu, sisi tunaita vituo kwa kuanzia vya karibu. Yeye anaitwa wa mwisho. Saa anayosema mahitaji yake, boti imeshajazwa na imeondoka. Sikumdharau. Sikuwahi kumsikia mapema."

Meneja akasimama palepale. Akatangaza kwamba kuanzia wiki inayofuata redio itaita kwa kuanzia kituo cha mbali kuliko vyote. Jambo dogo kiasi hicho, ndugu zangu! Mwaka mzima wa samaki kuoza na matusi, na dawa yake ilikuwa watu wawili kujuana ni nani kwa nani.

Siku ya tatu hakuondoka mtu mpaka jioni. Meneja akanilipa mkononi, na mwenye lori akapata nauli yake mbele ya macho yangu. Tangu hapo nimekutanisha watu wa pamba, wa benki, hata watu wa kampuni za Dar es Salaam wenye ofisi mikoa minne. Hakuna anayeifanya kazi hii kama mimi katika mji huu, nasema wazi! Lakini siku ya kwanza ya kila mkutano sina ratiba. Nauliza majina.

Wewe unayenisikia, uliyerudi na vyeti vyako na moyo mkavu, mwamini Yesu. Piga magoti hapo ulipo, hata kama ni juu ya kitu cha kuazima. Alinisikia mimi, atakusikia na wewe. Namshukuru Bwana, nawashukuru ninyi mliolala chini kwa ajili yangu bila kujua hatari niliyowatia. Naomba tena leo mbele ya wote, nisameheni.

Nimalizie na siku ile ya kulipa. Mzee Salumu nilimpelekea magunia matatu ya mchele mpya, akayapiga kofi moja moja, akasema, "Kama baba yako." Kisha nikazunguka Kirumba na mkokoteni, mlango kwa mlango, nikisoma jina kwenye kila kitambaa na kumwambia mwenyewe kuhusu lori. Wengine walinifokea, na ilikuwa haki yao. Masanja mwenyewe alinisaidia kusukuma kwenye mlima.

Godoro la mwisho lilikuwa la Mama Kabula. Nililibeba kichwani. Nikalishusha mlangoni kwake, nikavua kofia, nikainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Petro," akasema. "Sasa ndiyo umerudi."