Sauti ya Shangazi Bado Inapokea Simu

Ndugu waombolezaji, kwa ruhusa ya baba, kaka wa marehemu, naomba mtulie niwasomee maisha ya shangazi yetu, nanyi wa kituo cha mafunzo mliokaa safu ya nyuma, msiondoke mapema.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, wa tatu kati ya watoto sita, akasoma shule ya msingi ya mtaa wa reli, akamaliza kidato cha nne mwaka 1975, kisha akaajiriwa hospitali kuu, katika chumba cha simu kisicho na dirisha, ambako sauti yake, wengi wenu mnaijua, ilimshusha mtu presha kabla hajamwona daktari. Tarehe 12 Desemba 1981 aliolewa na fundi redio, aliyemtangulia mwaka 2009. Hawakujaliwa mtoto, lakini sisi wa kaka yake tulishinda kwake, tukala kwake, na viboko tukavipata hukohuko.

Alipostaafu, kiti chake kikapewa mashine, naye, asiyejua hata kuwasha kompyuta, akajiandikisha tarehe 4 Februari 2019 katika darasa la jioni la kituo hicho cha mafunzo, la kufundisha mashine kusikia na kusema, apate kumjua huyo aliyemrithi. Mwalimu akamwambia, "Mama, wewe tusomee sentensi tu, mahesabu tuachie vijana." Akamjibu, "Mwanangu, sauti mnaitaka, akili hamuitaki? Hapo pana kitu." Akasoma sentensi zao, lakini na somo akaling'ang'ania, akajua kwamba sauti hukatwa vipande vidogo kuliko punje ya chumvi, huchorwa kwenye kioo kama milima na mabonde, na mashine hukariri mlima upi huenda na herufi ipi; asichoelewa aliuliza tena na tena, darasa zima likiguna.

Tarehe 17 Juni 2021 alipiga simu ofisi ya maji kulalamikia bomba, akapokelewa na yeye mwenyewe, sauti yake ikimwambia asubiri. Alicheka, kisha akaacha kucheka, maana ruhusa aliyotoa ilikuwa ya mazoezi ya darasani, ya kuuza hakutoa. Aliomba jambo moja, sauti itolewe. Kituo kikasema si yake, sauti hufanana; akawapelekea michoro ya sauti zote mbili, akawaonyesha ile pumzi anayovuta kabla ya neno la mwisho, mazoea ya chumba cha simu, wakasema anayeanza kujifunza huona anachotaka kuona.

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya koo, na upasuaji wa tarehe 3 Mei ukamwacha bila sauti. Siku moja alinionyesha kwa vidole nipige ofisi ya maji, akajisikiliza, akageukia ukutani. Alifariki alfajiri ya tarehe 21 Agosti 2024, katika hospitali ileile aliyoitumikia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliompikia, na wenzake wa chumba cha simu mliokuja kuongea hata alipokuwa hawezi kujibu. Kituo nacho jana kilileta maua, pamoja na ombi kwamba historia hii isomwe na mashine, kwa sauti ya marehemu, kama heshima. Sauti ipi, jamani? Si mlisema si yake?

Maua tumepokea. Shangazi, leo tunakuzika nusu. Wakishakutoa kwenye ile simu, pumzika kwa amani.